Miguu Ina Pedali, Mikono Je?

Kila baada ya miaka michache hujitokeza mtu na baiskeli mpya akidai kwamba pedali za kuzunguka zimepitwa na wakati. Mara ni nyenzo za kukanyagwa juu na chini, mara ni shafti badala ya cheni, mara mkanda, mara jenereta na mota. Baiskeli hiyo husifiwa, watu hubishana, kisha haionekani tena, na baiskeli ya kawaida, Black Mamba, inaendelea kubeba gunia la mahindi. Nionavyo mimi, ubishi huu umeendeshwa vibaya kwa sababu maswali mawili yamefanywa moja. La kwanza: mwili utoe nguvu kwa mwendo gani? La pili: nguvu hiyo ifikishwe vipi kwenye gurudumu? Pedali hujibu swali la kwanza, cheni hujibu la pili. Mtu anaweza kuikataa moja na kuibakiza nyingine, na ubishi mwingi ungekwisha kama tungeanzia hapo.

Mjadala nimeuweka Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, kwa sababu maalumu. Huko ndiko boda boda zilikoanzia, zikiwa bado baiskeli zenye kiti cha sponji nyuma, zikivusha abiria na mizigo kati ya kituo kimoja cha forodha na kingine. Huko huko watu wasioweza kutumia miguu, wengi wao walioathiriwa na polio, walijijengea biashara ya kuvusha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazozungushwa kwa mikono. Wanaozungumza hapa chini nimewatunga, ila hoja zao ni za kweli, na kila mmoja nimempa ile iliyo nzito kuliko zote za upande wake. Fundi ana karakana chini ya mwembe. Mhandisi ni binti aliyesomea mitambo. Mwendeshaji bado anabeba abiria kwa baiskeli ijapokuwa wenzake wamehamia pikipiki. Mama ni mfanyabiashara wa mpakani. Cheni ya baiskeli yake ya mikono imekatika, anasubiri zamu.

MHANDISI: Shikamoo, mzee.

FUNDI: Marahaba, binti yangu. Vuta kiti.

MHANDISI: Nina swali moja tu. Mkono wa pedali ukisimama wima, mguu ulio juu unasukuma nini?

FUNDI: Hausukumi kitu. Unakandamiza ekseli tu.

MHANDISI: Na ule wa chini?

FUNDI: Nao pia.

MHANDISI: Basi katika kila mzunguko kuna mahali pawili ambapo miguu yote miwili haina kazi, na nguvu kamili hupatikana pale tu mkono wa pedali unapolala. Wenzo hauna kasoro hiyo. Unakanyaga chini, unasukuma mwanzo hadi mwisho, na mguu wa pili unarudi juu kujiandaa. Ndiyo maana watu wenye akili zao wameurudia mara nyingi. Marekani, miaka ya 1880, kulikuwa na American Star iliyoundwa New Jersey. Ilikuwa na nyenzo mbili, na mpandaji akikuta mlima aliweza kuzikanyaga zote kwa pamoja. Sweden nako, mwaka 1892, Fredrik na Birger Ljungström walitoa Svea, baiskeli ambayo pedali zake zilipanda na kushuka bila kuzunguka. Aliyewapa fedha ni Alfred Nobel, na ndugu hao ndio waliokuja kubuni turbini ya mvuke inayoitwa kwa jina lao. Si watu wa kubahatisha hao.

FUNDI: Na baiskeli yao iko wapi leo?

MHANDISI: Iko makumbusho.

FUNDI: Sasa ngoja nikuonyeshe kwa nini.

Anachukua friwili kuukuu kutoka kwenye kopo, anaiweka juu ya chuma na kukigonga kifuniko chake kwa msumari mnene, akikigeuza kinyume na skrubu za kawaida. Kifuniko kinalegea. Gololi ndogo nyeusi kwa grisi zinamwagika kwenye sahani ya mafuta ya taa. Ndani vinabaki vijino viwili vya chuma, kila kimoja si kikubwa kuliko punje ya mchele, na kila kimoja kinasukumwa nje na springi ya waya mwembamba. Ukipiga pedali, vijino vinang'ang'ania meno ya upande wa ndani. Ukiacha, vinateleza juu ya meno hayo, na hiyo ndiyo tik-tik unayoisikia baiskeli inapoteremka.

FUNDI: Hivi viwili ndivyo vinavyobeba uzito wote. Kwenye baiskeli ya kawaida vinang'ang'ania mara moja unapoanza kupiga pedali, na vinakaa hapo mpaka uache. Kwenye wenzo wako vinaachia na kung'ang'ania kila mguu unaposhuka. Mguu mmoja ukishuka mara 60 kwa dakika, kwa saa ni mara ngapi?

MHANDISI: Mara 3,600. Na mguu wa pili na friwili yake, hivyo hivyo.

FUNDI: Na kila mara ni kishindo, na nyuma kuna abiria. Springi hizi hazifikishi mwezi.

MHANDISI: Hilo nalikubali, mzee, tena nitakuongezea lingine lililo baya zaidi kwa upande wangu. Mguu wa mtu mzima ni mzito. Ukiurusha chini ni lazima usimame, kisha uanze upya kwenda juu. Pedali ya kuzunguka inaupunguza mguu kasi taratibu, na nguvu iliyokuwa ndani ya mguu inahamia kwenye gurudumu. Wenzo unauacha mguu ujisimamishe wenyewe, na msuli ndio unaolipa. Pale pedali inaposimama wima baiskeli inapapita kwa kasi yake yenyewe; mpandaji hata hapasikii.

Hapa nitaingia mwenyewe, maana nadhani suala la miguu linaishia hapa. Tangu pedali zilipofungwa kwenye gurudumu la mbele huko Paris katika miaka ya 1860, hakuna mwendo mwingine uliodumu kwenye mguu wenye afya. Wanaotaka kupunguza ule udhaifu wa pedali iliyosimama wima wameacha kuugusa mwendo na kubadili umbo la gia ya mbele. Kampuni ya Shimano ilifanya hivyo mwaka 1983 kwa gia za Biopace, na Bradley Wiggins alishinda mbio za Tour de France za mwaka 2012 akiwa na gia ya mbele isiyo duara kamili. Hata hao mguu wao ulizunguka.

MWENDESHAJI: Mzee, mimi shida yangu si pedali kusimama wima. Shida yangu ni kuondoka. Abiria amekaa, mkoba wake uko kwenye usukani, na mbele ni mlima.

FUNDI: Gia yako ya mbele ina meno mangapi?

MWENDESHAJI: 44. Ya nyuma 20.

MHANDISI: Gurudumu la inchi 28, basi kila ukizungusha pedali mara moja unakwenda karibu mita 5. Ni nyingi mno ukiwa na mzigo. Funga ya nyuma yenye meno 24, utakwenda zaidi kidogo ya mita 4. Utazungusha sana kwenye tambarare, lakini mlimani magoti yatapona.

MWENDESHAJI: Na hiyo ndiyo teknolojia mpya?

MHANDISI: Hapana, kijana. Hesabu hiyo ipo tangu baiskeli ya Rover ya John Kemp Starley, Coventry, mwaka 1885. Kabla ya hapo, kwa kawaida pedali ilikuwa imefungwa kwenye gurudumu lenyewe, mzunguko mmoja kwa mmoja. Aliyetaka kasi alitengenezewa gurudumu kubwa, akakaa juu kabisa, na akianguka alitangulia kichwa. Cheni ndiyo iliyomteremsha mpandaji chini.

MWENDESHAJI: Na hiyo cheni mnaitetea pia? Mimi kila msimu wa mvua inajaa tope, na abiria wa kike analalamika gauni linaguswa na grisi.

MHANDISI: Malalamiko hayo ni ya zamani. Miaka ya 1890 viwanda vya Marekani na Ufaransa viliuza baiskeli za shafti kwa sababu ya nguo. Columbia Chainless ilikuwa na shafti iliyofichwa ndani ya bomba la fremu, na Major Taylor, yule mwendesha baiskeli Mmarekani mweusi aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1899, aliwahi kushindana kwa baiskeli isiyo na cheni. Ila shafti inageuza mzunguko mara mbili kwa gia za pembe, na kila mgeuko una msuguano wake. Meno ya gia hizo yako karibu sana na ekseli, hivyo yanabeba mzigo mkubwa. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, wakiongozwa na James Spicer, waliipima cheni wakakuta kwamba ikifanya kazi vizuri inafikisha gurudumuni hadi asilimia 98.6 ya nguvu inayopokea. Aliyebuni kitu kingine anagombea asilimia moja na nusu iliyobaki.

MWENDESHAJI: Na mkanda? Nimesikia hauhitaji oili.

MHANDISI: Ni kweli, hauhitaji oili, haupati kutu, hautoi sauti. Kwa mtu wa mjini mwenye fedha ni kitu kizuri. Lakini haukatwi wala hauungwi. Ili uupitishe, fremu yenyewe ni lazima ifunguke upande wa nyuma, na baiskeli zetu hazifunguki.

FUNDI: Ukikatika Jumamosi, utapanda baiskeli lini? Mkanda wa urefu huohuo utatoka wapi? Cheni hii ya Mama imekatika. Tazama.

Anaweka kiungo kilichovunjika juu ya nati, anakitoboa kwa msumari mnene na nyundo, pini inatoka. Kiungo cha badala anakitoa kwenye cheni nyingine iliyokwisha kutupwa, ya baiskeli ya aina nyingine kabisa, na kinaingia sawasawa. Kutoka pini hadi pini ni nusu inchi, milimita 12.7, kwenye baiskeli ya India, ya China, ya Uingereza, ya mtoto, ya mbio, na ya mikono. Nguvu ya cheni kwa watu wetu iko hapa, na sioni kama wabunifu wanaipa uzito unaostahili. Asilimia 98.6 ni jambo zuri, lakini kiungo kuukuu kuingia kwenye cheni nyingine ndicho kinachomrudisha mtu barabarani kabla ya saa sita. Jenereta na mota sitazijadili hapa: nguvu ya mguu ikigeuzwa umeme kisha umeme ugeuzwe tena mwendo, kila hatua inakula sehemu yake, na karakana ya mwembeni haina cha kufanya ikiharibika.

MWENDESHAJI: Kama ni urahisi wa kutengeneza, basi chukudu inawashinda nyote. Kule Goma, Kongo, nilikuta mtu kapakia viazi mpaka kichwa hakionekani. Haina pedali, haina cheni, haina gia. Ni mbao.

MHANDISI: Chukudu ni mashine ya Karl von Drais kabisa. Mwaka 1817, Mannheim, alipanda chombo cha mbao chenye magurudumu mawili akikisukuma kwa miguu ardhini. Ulaya ilikiacha hata kabla ya kupata pedali.

MWENDESHAJI: Goma hawakukiacha. Goti moja linakaa kwenye kipande cha mpira kilichopigiliwa kwenye ubao, mguu wa pili unasukuma. Mizigo inatoka vijijini milimani, inateremka yenyewe mpaka mjini. Kikivunjika, ni kazi ya seremala. Wamekijengea sanamu kubwa ya rangi ya dhahabu katikati ya mji.

FUNDI: Njia ikiteremka ukiwa umepakia na kupanda ukiwa mtupu, pedali ya nini? Waliofanya hesabu hiyo walijua njia yao.

MAMA: Nimewasikiliza muda mrefu. Mmetaja nyenzo, gia ya meno 24, shafti, mkanda, na sasa mbao. Zote zinataka miguu.

Kimya kinapita kidogo. Ni Mhandisi anayevuta kiti karibu.

MHANDISI: Tueleze, mama. Baiskeli yako inakusumbua wapi?

MAMA: Kwenye tambarare hainisumbui. Mikono inazunguka hapa mbele ya kifua, cheni inashuka mpaka gurudumu la mbele. Nikiwa na mzigo nafika popote. Shida ni mlima wenye changarawe. Kreti ziko nyuma, mimi niko nyuma, gurudumu la mbele jepesi. Nazungusha, linazunguka palepale, baiskeli haiendi. Nikizungusha kwa hasira, usukani unavutwa upande, maana mikono inayosukuma ndiyo inayoongoza. Na breki je? Nikishika breki, mkono mmoja umeacha kazi. Basi hapo nasubiri mtoto apite anisukume.

MHANDISI: Na nyumbani?

MAMA: Haipiti mlangoni. Nateremka nje, natambaa.

MHANDISI: Mwaka 2005 mwanafunzi wa chuo kikuu cha MIT cha Marekani, Amos Winter, alikuja Tanzania kuchunguza viti vya magurudumu, na aliyoyasikia yanafanana na haya. Baiskeli ya mikono inafika mbali lakini ni kubwa, haiingii ndani. Kiti cha kawaida kinaingia ndani, lakini barabara ya udongo inakishinda. Akaunda kiti chenye nyenzo mbili, kikajaribiwa Afrika Mashariki, kisha India. Unasukuma nyenzo mbele kwa mikono miwili, magurudumu ya nyuma yanakwenda. Ukifika, unazichomoa na kuzihifadhi kwenye fremu, na kinabaki kiti cha kuingia nacho ndani. Cheni ni ya baiskeli, friwili ni ya baiskeli.

FUNDI: Umerudi kwenye wenzo, binti yangu, na vijino vyangu hivi bado viko kwenye sahani.

MHANDISI: Nimerudi, ila kwa mikono. Mkono ni mwepesi kuliko mguu, kwa hiyo kuusimamisha na kuurudisha hakugharimu sana, na kishindo chake kwenye friwili ni kidogo. Halafu kuna jambo ambalo mguu hauliwezi kabisa. Mguu unakaa mahali pamoja kwenye pedali. Mkono unaweza kushika wenzo popote. Ukishika juu, sentimita 60 kutoka kwenye egemeo, unapata gurudumuni nguvu mara mbili ya anayeshika sentimita 30, ila mkono unasafiri mara mbili kwa umbali uleule. Ukiwa tambarare unashika chini, unakwenda kasi. Ukikuta mlima unapandisha mikono. Gia zote ziko kwenye kiganja. Hakuna waya wa kubadilisha wala gia ya ziada.

Hoja hii ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Wenzo uliowashinda akina Ljungström kwa miguu una maana nyingine kabisa ukishikwa kwa mkono, na tofauti imo mwilini mwa mtu kabla haijafika kwenye chuma. Nasikitika kuona akili na fedha nyingi hivi zikimiminwa, kizazi baada ya kizazi, kwenye baiskeli za watu ambao pedali ilikwisha kuwafaa, huku mwenye baiskeli ya mikono akisubiri mtoto apite amsukume. Kama kuna mahali pa kubuni, ni hapa.

MAMA: Kiti hicho ni kizuri, binti yangu, na kwa mlango wangu nakitaka. Lakini kinanibeba mimi. Kreti zangu nani atazibeba?

MHANDISI: Hapo umenishika. Hakikuundwa kwa mizigo.

MAMA: Nikipewa kiti nikanyang'anywa mzigo, nimesaidiwa nini? Mpakani watu walinipa nafasi kwa sababu nabeba. Msinipe kitu cha kunikalisha nyumbani vizuri.

FUNDI: Basi baiskeli ibaki baiskeli. Tuhamishe nguvu kutoka gurudumu la mbele kwenda la nyuma, palipo na mzigo. Uzito wenyewe ukandamize gurudumu linalosukuma.

MHANDISI: Ukilisukuma gurudumu moja tu la nyuma, baiskeli itavuta upande.

FUNDI: Itavuta, lakini itapanda. Sasa haipandi.

MHANDISI: Au nyenzo mbili, kila moja na gurudumu lake la nyuma na friwili yake. Wa kulia ukisukumwa zaidi, baiskeli inakunja kushoto. Ila kwa kreti, hapo upana unakuwa mkubwa.

MAMA: Mlango nimekwisha kuusamehe. Kiti kiwe cha ndani, baiskeli iwe ya mzigo. Ninachotaka ni isiteleze mlimani, na niweze kufunga breki bila kuacha kusukuma.

FUNDI: Friwili za dukani hazina jozi ya kushoto. Hilo ulifikirie kabla ya kuchora.

MHANDISI: Tunaweka shafti fupi katikati, friwili zote mbili ziangalie upande mmoja, kisha cheni inatoka hapo kwenda nje.

FUNDI: Cheni ya nusu inchi?

MHANDISI: Ya nusu inchi.

FUNDI: Beringi?

MHANDISI: Za baiskeli. Hakuna kitu cha kuagiza.

FUNDI: Basi kuchomelea nitachomelea mimi. Mama, unapakia kreti ngapi?

MAMA: Sita, na mimi mwenyewe juu yake. Na msiijaribu hapa kwenye kivuli ikiwa tupu. Ipakieni kreti zote sita, tuipeleke kwenye ule mlima wa changarawe, na nitakayeipanda ni mimi.